Mtoto wa Nani Huyu? Kuandikisha Watoto Klabu ya Meli ya Kitalii

Familia ya Lamu ikianza kupanga safari ya meli ya kitalii, swali la kwanza haliulizwi na kampuni ya meli. Huulizwa na bibi, ameketi barazani: "Mwanangu, wamuata na nani?" yaani, mtoto utamwachia nani huko melini. Na ni swali la maana kuliko mengi yaliyomo kwenye brosha. Mitaani Langoni au Mkomani, mtoto wa miaka mitano hutoka nyumbani baada ya alasiri, akakata vichochoro viwili, akatokea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kila anayepishana naye amjua ni mwana wa nani. Akianguka atainuliwa, akilia atapelekwa kwao, akitia mdomoni kisichofaa atapokonywa. Kwenye meli ya watu elfu tatu hakuna anayemjua. Anayempokea mlangoni mwa klabu, yaani ukumbi wa meli ambako watoto huachwa na wahudumu wacheze, huenda ametoka Manila au Napoli, na ndiyo mara yake ya kwanza kumtia machoni. Yote ambayo mtaa ungeyajua bila kuuliza, yeye atayajua kwa njia moja tu, nayo ni ulichoandika kwenye fomu ya kumwandikisha.

Ndiyo maana fomu hiyo haifai kujazwa juujuu kwenye simu huku unasubiri boti Mokowe. Wakae nayo baba na mama, paspoti za watoto ziko mezani, na kadi za kliniki karibu.

Kabla ya fomu, hakikisha meli yenyewe ina klabu. Watu hudhani kila meli ya kitalii inayo. Nyingi kati ya zile zinazofunga gati Mombasa kuanzia Novemba hadi karibu Aprili ziko kwenye safari ndefu, abiria wake ni watu wazima waliostaafu, na klabu ya watoto ama haipo au ni chumba chenye rangi na karatasi. Familia za huku zinazotaka meli ya watoto hasa huenda kupandia Durban, ambako kampuni ya MSC huleta meli katika msimu huohuo wa joto la kusini, au Dubai wakati wa baridi ya kule, hasa wale wenye ndugu upande huo. Afrika Kusini imekuwa rahisi zaidi tangu Januari 1, 2023, Mkenya alipoanza kuingia bila viza kwa siku 90 kwa mwaka. Muulize wakala kwa jina la meli na tarehe ya safari, si kwa jina la kampuni. Kampuni moja huwa na meli yenye klabu ya ghorofa nzima na nyingine yenye kijumba.

Umri ndio unaovuruga mipango mingi. Kundi la mtoto hupangwa kwa miaka aliyotimiza siku ya kupanda meli, na halipangwi kwa kimo, akili wala darasa analosoma. MSC hugawa 3 hadi 6, 7 hadi 11, 12 hadi 14, kisha 15 hadi 17. Norwegian wana 3 hadi 5, 6 hadi 9, 10 hadi 12, na 13 hadi 17. Carnival huanzia miaka 2, kundi la kwanza likifika 5, halafu 6 hadi 8, 9 hadi 11, na vijana kwa vikundi viwili. Kwa hivyo ndugu wa miaka 6 na 7 ambao nyumbani hulala kitanda kimoja wanaweza kuwa pamoja kwenye meli moja na kutenganishwa kwenye nyingine. Kama una watoto wasioachana, tazama mgawanyo huu kabla ya kulipia chumba. Baadhi ya meli humruhusu mkubwa kushuka kundi la mdogo. Mdogo kupandishwa kwa wakubwa ni nadra mno, na kubembeleza hakusaidii, kwa sababu hesabu ya wahudumu na watoto hufungamana na umri.

Anayetimiza miaka mitatu katikati ya safari ni kesi peke yake. Wapo wanaompokea kuanzia siku hiyo, wapo wanaosema umri ni ule wa siku ya kwanza basi. Liulize kwa barua pepe, upate jibu la maandishi, ulichapishe. Jibu la simu halitakusaidia mbele ya msichana wa mapokezi aliyefungua orodha kwenye kompyuta.

Chini ya miaka mitatu mambo ni mengine kabisa. Meli nyingi hazimpandishi mtoto ambaye hajafika miezi 6, na kwenye safari zenye siku nyingi mfululizo baharini hutaka miezi 12. Akishapanda, ukumbi wake mara nyingi ni wa kuchezea pamoja na mzazi. Ikiwapo huduma ya kumwacha, hulipiwa kwa saa, nafasi ni chache, na huwekwa kabla ya safari au katika saa za mwanzo za siku ya kwanza. Atakayefika siku ya pili ataambiwa zimejaa.

Sasa tuje chooni, maana hapa ndipo watoto wetu wengi wa miaka mitatu na minne wanaporudishwa. Sharti la kawaida la klabu ni kwamba mtoto awe ameacha nepi kabisa, na zile nepi za mtindo wa suruali huhesabiwa ni nepi. Carnival ni tofauti, kundi lao la wadogo hupokea wenye nepi. Kwingine wahudumu hawabadilishi nguo, hawafuti, hawatawazi. Mtoto akijichafua, mzazi huitwa, naye hutarajiwa afike mara moja. Likirudia mara mbili tatu, mtoto husimamishwa kwa safari yote.

Wazazi wa huku hujibu fomu kwa ukweli mtupu: ndiyo, mtoto ameacha nepi tangu ana mwaka na nusu. Kweli ameacha, lakini ameachia kwenye choo cha kuchuchumaa, na kopo la maji, na dada mkubwa wa kumtawaza. Choo cha meli ni cha kukaa, hakina maji ya kutawazia, na kinavuta kwa hewa. Ukibonyeza hutoa ngurumo fupi kali inayomshtua hata mtu mzima. Mtoto asiyeijua hukimbia nje suruali ikiwa magotini, na baada ya hapo hakanyagi tena choo hicho. Hujizuia mpaka ajikojolee. Dawa yake ni mwezi mmoja wa mazoezi kabla ya safari. Akalie choo cha kukaa popote mnapokipata, ajifunze kujifuta mwenyewe kwa karatasi kuanzia mbele kwenda nyuma, ajifunze kufunga kifuniko kwanza ndipo abonyeze. Mkishapanda meli, mwonyeshe choo cha chumbani mara mbili tatu, ukibonyeza wewe na yeye akiwa ameziba masikio, mpaka aone ni mchezo. Kumtawaza kwa maji mtafanya chumbani kwa chupa. Vitambaa vyenye maji vya kufutia visitupwe kabisa ndani ya choo hicho, huziba bomba la vyumba vingi kwa pamoja. Na usimpeleke klabu na suruali yenye mshipi au vifungo vigumu. Lastiki kiunoni inatosha.

Jina nalo lina mambo yake. Paspoti ya mtoto wa huku huwa na jina lake, la baba na la babu. Mifumo ya meli hulichukua la mwisho kuwa jina la ukoo. Matokeo yake ni kwamba baba ana jina la mwisho tofauti na la mtoto, mama ana lake tofauti na wote wawili, na kompyuta inawaona watu watatu wasiohusiana waliolala chumba kimoja. Hakuna kosa la mtu hapo, ila ndipo maswali yanapoanzia. Andika jina jinsi lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Kama paspoti imeandika Mohamed na cheti cha kuzaliwa kimeandika Muhammad, paspoti ndiyo itakayofuatwa. Kwenye mkoba wa mkononi weka cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, nakala mbili. Hicho ndicho kinachomaliza maswali ndani ya dakika moja.

Kuna na jina la pili, lile mtoto analoitikia. Huyu kwenye paspoti ni Abdulrahman, nyumbani ni Dula. Yule ni Fatma, lakini kwa kuwa amerithi jina la bibi yake hakuna anayethubutu kumwita hivyo, anaitwa Bimkubwa tangu azaliwe. Mhudumu akiita "Fatma" mara tatu ukumbini na mtoto haitiki, ataandika kwamba mtoto ana shida ya kusikia au hataki kushirikiana. Fomu nyingi zina kisanduku cha jina la kumwitia. Kijaze, na ukiandika Bimkubwa ongeza silabi zake zilivyo, Bim-ku-bwa, mgeni aweze kulitamka.

Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua ndiyo roho ya fomu yote. Huku kwetu mtoto huchukuliwa madrasa na mjomba, binamu, au jirani aliyekuwa akipita njia hiyo. Kule, ambaye hayumo kwenye orodha hapewi mtoto, hata awe baba mzazi. Hebu uone ilivyo: saa nne kasorobo usiku, baba amevaa kanzu na kofia, anafika mlangoni. Mtoto anamwona, anaruka, anapiga kelele "Baba! Baba!" Mhudumu anatabasamu, anaomba kadi ya chumba, anaitazama skrini, na anasema samahani. Mama ndiye aliyejaza fomu, akaandika jina lake peke yake akidhani baba anajulikana. Hapo itabidi mama atafutwe, ashuke ghorofa tano na mtoto mchanga mkononi. Mhudumu hajakosea, na ungekuwa na hasira zaidi kama angemtoa kwa kila anayeitwa baba. Andikeni wote wawili, na mtu mzima mmoja wa tatu aliyemo ndani ya safari, shangazi au bibi. Wa nne na wa tano hawana haja.

Neno la siri huulizwa kwenye meli nyingi, na mtu mwingine hutaja jina la mtoto au nambari ya chumba. Yote mawili yanasikika kila siku kwenye veranda za meli. Chagueni neno la nyumbani ambalo mgeni hatalibahatisha na wewe hutalisahau. Mkate wa mofa, kwa mfano, au jina la paka wa jirani.

Kuanzia miaka 8 au 9 hivi, fomu itauliza kama mtoto anaweza kujitoa mwenyewe. Mzazi wa Lamu huweka tiki bila kufikiri, maana mwanawe amezoea kwenda Shela na kurudi kwa miguu yake. Lakini Lamu ina bahari upande mmoja na nyumba upande mwingine, na mji ni uleule. Meli ina ghorofa kumi na zaidi zinazofanana, lifti, kasino, baa, na kuta ambazo mbele na nyuma ni sawasawa. Ushauri wetu ni kuweka hapana siku mbili za mwanzo, kumtembeza kutoka klabu hadi chumbani mpaka aijue njia bila wewe, halafu kwenda mapokezi ya klabu kubadilisha. Inaruhusiwa kubadilisha wakati wowote.

Chakula kinahitaji kuandikwa kwa maneno mengine kuliko unayoyazoea. Ukiandika "halali" peke yake kwenye kisanduku cha mzio na vyakula, mhudumu kijana aliyekaa na watoto ishirini huenda asijue kwamba neno hilo linagusa peremende. Mwandikie vitu, usimwandikie hukumu: asile nguruwe wa aina yoyote, ikiwemo soseji na hemu, asile peremende laini na zile za kutafuna zenye jelatini, asile keki au aiskrimu iliyotiwa pombe. Jelatini ndiyo inayosahaulika. Iko kwenye zile pipi za umbo la dubu ambazo hutolewa kama zawadi ya mchezo, na mtoto wa miaka minne hatakataa zawadi. Mfundishe aichukue, aitie mfukoni, akuletee. Klabu nyingi hazilishi mlo kamili, hutoa vitafunio au huwapeleka watoto kula jioni kwa siku maalumu. Kwa mlo wenyewe zungumza na msimamizi wa mkahawa usiku wa kwanza, na umwambie wakala aweke ombi wiki kadhaa kabla.

Visanduku vya picha navyo vina maana yake. Ukiruhusu, picha ya mwanao yaweza kutumika kwenye matangazo. Ukikataa, mtoto hanyimwi kitu.

Kwenye afya, usifiche lolote kwa kuogopa atakataliwa. Kaunti ya Kilifi ina watoto wengi wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na mzazi wa Malindi mwenye mtoto wa namna hiyo ana la kuandika zaidi ya jina la ugonjwa. Ukumbi wa klabu huwa na kiyoyozi kikali, na baridi pamoja na upungufu wa maji mwilini ni vichocheo vya maumivu. Andika: avae sweta muda wote akiwa ukumbini, anywe maji kila nusu saa bila kungoja aombe, akisema mikono au miguu inauma niitwe papo hapo. Sentensi tatu za namna hiyo zina faida kuliko ripoti ya daktari ya kurasa nne, ijapokuwa ripoti nayo uwe nayo kwa ajili ya zahanati ya meli. Mwenye pumu aandikiwe vivyo hivyo, na pampu yake ijulikane iko wapi. Wahudumu wa klabu kwa kawaida hawampi mtoto dawa, kwa hiyo dozi ya saa nane mchana ni kazi yako kuja kuitoa.

Mtoto anayeharisha au kutapika asipelekwe. Utaulizwa kuhusu dalili hizo kabla ya kupanda, na kwenye meli nyingi huzuiwa mpaka zipite saa 48 tangu dalili ya mwisho, kwa sababu norovirusi ikiingia kwenye ukumbi wa watoto huzunguka meli nzima. Kichefuchefu cha mawimbi kinafanana na ugonjwa huo machoni pa mhudumu, kwa hivyo kama mwanao hutapika kila akipanda boti, liandike mapema. Na usijidanganye kwamba mtoto wa kisiwani hatapiki. Aliyezoea mrusho mfupi wa jahazi au boti ya Mokowe hajazoea mwendo wa meli kubwa, ule wa kuinuka polepole na kushuka polepole, ambao wengine huwaumiza zaidi.

Makaratasi ya safari yana kona mbili zinazogusa klabu. Ya kwanza ni idhini. Watoto wakisafiri na bibi au shangazi, klabu itataka sahihi ya mzazi au mlezi aliyeidhinishwa. Wazazi wote wawili waweke kiapo kwa wakili, chenye majina na nambari za paspoti za watoto, jina la anayesafiri nao, tarehe za safari, na ruhusa mbili zilizotajwa waziwazi: ya kuwaandikisha kwenye shughuli za watoto na ya kuwatibu wakiugua. Kiapo kisichotaja matibabu humwacha bibi akipiga simu Malindi kutoka katikati ya bahari. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, naye achukue idhini ya mwenzake. Ya pili ni homa ya manjano. Afrika Kusini huitaka kadi yake kwa anayetoka Kenya, watoto nao kuanzia mwaka mmoja. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 9, kadi huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Ukichoma siku sita kabla ya safari, umechoma bure kwa safari hiyo.

Fomu ya mtandaoni hufunguka wiki kadhaa kabla, ukishakamilisha taratibu za kuingia melini na kupakia paspoti. Wengi hawaioni kwa sababu wakala ndiye aliyekata tiketi na akaunti iko kwa jina lake. Mwombe nambari ya safari, ufungue akaunti yako, uijaze mwenyewe. Wakala hajui mwanao haitiki kwa Fatma.

Kujaza mtandaoni hakumalizi kazi, ingawa ndivyo inavyodhaniwa. Ni nusu. Siku ya kupanda, mzazi na mtoto hufika klabu wote wawili, mtoto hupigwa picha, fomu husomwa tena, sahihi hutiwa, na mtoto hufungwa ukanda mkononi. Milango hiyo huwa wazi alasiri ya siku ya kwanza kwa saa chache. Umati huja baada ya chakula cha mchana, vyumba vinapofunguliwa, kwa sababu kila mtu amekwenda kula kwanza. Nenda klabu mkishuka tu kwenye lifti, kabla ya kula. Utakuta watu wanne badala ya arobaini, na mhudumu atakuwa na subira ya kusikia habari ya choo, ya sweta na ya Bimkubwa. Ukirudi hapo usiku wa kwanza ukitaka kuandikisha na kumwacha papo hapo, utasimama foleni huku watoto wengine wakicheza, na mwanao akilia.

Ukanda huo utazame vizuri. Mara nyingi ni wa plastiki au wa kitambaa, wa rangi ya kundi lake, na juu yake huwa na herufi au nambari ya kituo cha kukusanyikia wakati wa dharura. Ilinganishe na iliyo kwenye kadi yako ya chumba. Zikitofautiana, usiondoke hapo. Hutokea hasa familia inapolala vyumba viwili, baba na wavulana huku, mama na wasichana kule, na kila chumba kikawa na kituo chake. Ombeni wote muwe kituo kimoja. Kisha uliza swali moja: honi ya dharura ikilia, ile ya milio saba mifupi na mmoja mrefu, na mtoto yuko klabu, nani anakwenda wapi? Kwenye meli nyingi wahudumu ndio huwaleta watoto kituoni, na mzazi anayepanda ngazi kinyume na watu kwenda kumfuata hujikuta klabu tupu. Lakini taratibu hazifanani, na jibu lazima ulipate kwa mdomo wa mhudumu wa meli hiyohiyo. Majaketi ya kuokolea ya watoto nayo hayawi chumbani daima. La mtoto ni la kilo 15 hadi 43, na chini ya kilo 15 lipo la mchanga. Mwambie anayesafisha chumba, akuonyeshe yalipo kabla meli haijang'oa nanga.

Lugha haisumbui kama wazazi wanavyohofia. Watoto wa Malindi wengine wanajua Kiitaliano cha ufukweni kuliko wazazi wao, na kwenye meli za MSC na Costa wanakuta matangazo wanayoyaelewa. Mtoto wa Kiswahili pekee afundishwe maneno manne ya Kiingereza: choo, maji, naumwa, mama. Mwandikie mhudumu maneno hayohayo kwa Kiswahili kwenye karatasi, kwa matamshi.

Saa zinahitaji uangalifu wa aina mbili. Ratiba imeandikwa kwa saa za kizungu, na mtu aliyechoka husoma 10 akaelewa saa kumi. Kundi linalofungwa 22:00 hufungwa saa nne usiku. Baada ya hapo hadi saa saba usiku hivi, meli nyingi hutoza kwa kila saa na kila mtoto, na hela hiyo huingia kwenye hesabu ya chumba kimyakimya. Pili, Durban iko nyuma yetu kwa saa moja na Dubai mbele kwa saa moja, na simu iliyozimwa mtandao huenda ikabaki na saa ya Kenya. Fuata saa ya meli. Wanaoswali watapata kwamba magharibi huangukia wakati ambapo klabu ama imefungwa kwa mapumziko ya jioni au ndiyo inafunguka, kwa hivyo kumchukua na kumrudisha baada ya isha hakumkoseshi mengi.

Hesabu ya chumba yenyewe haipokei M-Pesa. Utatakiwa uache kadi ya benki au amana ya pesa taslimu siku ya kwanza. Usiku wa mwisho pita klabu kabla haijafungwa, rudisha ukanda kama ni wa kurudishwa, chukua sweta na kandambili zilizosahaulika, kisha nenda mapokezi uombe hesabu iliyochapishwa na utazame mistari ya saa za usiku. Kama kuna saa ambayo mtoto alikuwa amelala kwako, daftari la klabu lina dakika aliyotolewa na sahihi ya aliyemtoa, na wataifuta hapohapo. Ukishashuka gatini, ni barua pepe za miezi.